Mbegu Yenye Tarbushi: Kuujua na Kuuotesha Mbambakofi

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi katika ua wa shule huku Kisauni, Mombasa, mbele ya wazazi, walimu na vijana wa mtaa waliokuwa wakijiandaa kupanda miti mvua za vuli zitakapoingia. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nilichopunguza ni kujirudiarudia kwangu tu.

Assalaam aleykum. Walimu, mama zangu, wazee wangu mlioketi mbele, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta kana kwamba mkiuacha utaanguka, hamjambo nyote.

Kabla sijaanza, pitisheni hiki. Ni ganda la mti, moja tu ninalo, kwa hivyo likifika nyuma lirudi. Mwalimu, anza wewe. Lipime uzito mkononi, kisha litikise karibu na sikio. Usiseme umesikia nini, mwachie na mwenzio asikie.

Kijana aliyenipigia simu kunialika aliniambia, "Mzee, twataka utufunze kupanda mwaloni." Nikamwuliza, mwaloni umeuona wapi? Akasema kwenye simu. Ameona picha ya mti mnene, wa miaka mia na zaidi, watu wameketi chini yake na vikapu vya chakula, na akasoma kwamba mbao zake ndizo zilizounda merikebu za Waingereza. Basi akaona na sisi tuupande hapa. Sikumcheka. Mtu aliyeona mti akautamani kwa ajili ya mtaa wake hachekwi.

Na neno mwaloni tunalo zamani. Ndugu zetu Wakristo wanalijua kutoka kitabu cha Mwanzo, kwenye mialoni ya Mamre alikokaa Ibrahimu. Lakini mti wenyewe si wa huku. Duniani iko zaidi ya aina 400 za mialoni, na karibu yote ni miti ya kaskazini: Ulaya, Asia, Marekani. Hapa Afrika mialoni ya asili iko juu kabisa, Moroko, Aljeria, Tunisia, upande ule. Ukiuona Kenya jua kuna mtu aliuleta.

Majina ndiyo yanayosafiri. Grevilea, mti ule wa mipakani mwa mashamba ya kahawa huko bara, Waingereza wauita mwaloni wa hariri. Si mwaloni, ni mti wa Australia. Mvinje tunaokata boriti, Waaustralia nao wauita mwaloni-jike. Si mwaloni vilevile. Mtu akifika ugenini akaona mbao nzuri hulikumbuka jina la mti wa kwao, kama vile mmoja wetu angefika London akaona samaki asiyemjua, akasema huyu ni changu.

Kwa hivyo nilimjibu yule kijana: mwaloni sina, lakini nitakuja na mti uliokuwa ukifanya kazi ya mwaloni hapa kwetu. Mti wa milango na wa vyombo vya bahari, mti ambao mbao yake ikisemwa sokoni bei hupanda kabla hujauliza. Mbambakofi.

Naomba mikono. Nani hapa ameshagusa mbao ya mbambakofi? Mwaona, nusu ya watu. Haya, nani ameuona mti wake umesimama, akajua kwamba ndio huu? Mmoja, wawili, watatu. Na yule wa tatu ni mzee wetu wa Kwale, angekosa yeye ningeshangaa.

Msione haya. Mimi nimekuwa seremala maisha yangu yote, nimelelewa katika karakana ya mjomba wangu Mji wa Kale, na nilirandia mbambakofi miaka kumi na minne kabla ya kuujua mti wake. Siku niliyoujua nilikuwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ule ulio kati ya Kilifi na Malindi. Tulikwenda na mwongozaji mmoja, kijana Mgiriama. Tukatembea mpaka miguu ikachoka, nikaegemea mti nifute jasho, nikamwambia, "Basi mwanangu, nionyeshe mbambakofi nirudi zangu." Akanitazama, akatazama bega langu, akasema, "Umeuegemea, mzee." Nilikuwa naijua harufu ya vumbi lake, najua patasi inavyolia ikiingia ndani yake, najua unavyochosha msumeno. Uso wake sikuujua.

Tuanze basi na huo uso, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wanapewa mche kitaluni, wanaambiwa mbambakofi, wanapanda, na baada ya miaka mitano wanakuta wamelea kitu kingine.

Gome kwanza. Ni la rangi ya majivu, lenye weupe wa mchanga kidogo. Halipasukipasuki kwa mistari mirefu kama la mwembe mzee. Hubanduka vipande vya mviringo, na kilipobanduka kipande hubaki doa jeupe zaidi. Mmeona kuta za Mji wa Kale chokaa ikianza kuachia baada ya masika? Ni vile vile.

Jani. Nimekuja na tawi hapa, mwenye miwani asogee. Hiki mnachokiona kama kitawi chenye majani mengi, hili lote ni jani moja. Lina uti katikati, na pande zake vijani vidogo vimepangwa jozi jozi. Hesabuni nami kutoka shinani: mbili, nne, sita, nane, kumi. Tumefika nchani. Je, kuna kimoja kilichosimama peke yake mwisho? Hakuna. Vimeisha kwa jozi. Mbambakofi huwa na jozi nne, tano, sita, mara chache zaidi, na humaliza kwa jozi. Sasa pitisha kidole kwenye ukingo. Laini, hauna meno. Mwarobaini, ambao mmezoea kuuona kila kona, kingo zake zina meno kama ya msumeno mdogo. Na ukiinua vijani hivi uvitazame kwa karibu, utaona vikonyo vyake vimepindwa kidogo, kama mtu aliyegeuza shingo kumtazama anayemwita. Majani mapya yakitoka huwa na rangi ya shaba, yanang'aa, halafu ndiyo yanageuka kijani. Wakati wa ukavu mti huyapukutisha. Usiukate ukidhani umekufa.

Ua lake ni la ajabu kidogo. Petali ni moja tu, nyekundu, imetandazika kama ulimi, na nyuma yake yale majani ya ua ya kijani. Harufu yake ni tamu. Lakini maua haya yako juu, nanyi hamna shingo za twiga, kwa hivyo ngojeni kinachoanguka chini.

Limerudi ganda? Haya, lishike juu. Refu kama shubiri au pungufu kidogo, nene, gumu kama ubao, la rangi ya kahawa iliyoiva sana. Nalipasua sasa hivi kwa patasi. Yeyote aliyesikia kitu kikicheza ndani alisikia hizi.

Sogeeni, sogeeni. Ndani mna kitu cheupe kama boflo, na kila mbegu imelazwa kitandani mwake. Tazameni mbegu yenyewe: nyeusi, inang'aa kama kiatu cha Idi, na kichwani imevaa kofia nyekundu inayokaribia rangi ya machungwa. Mimi huita tarbushi. Ukishaiona mara moja huisahau. Kete zetu za bao ni komwe, za rangi ya kijivu. Hii haifanani na komwe hata kidogo. Na kama mnataka kujua, mbegu ya mwaloni wa Ulaya nayo huvaa kofia, ya kahawia, imekaa kama kikombe. Basi hapo yule kijana wangu hakukosea sana.

Tarbushi hii si pambo. Ndiyo mshahara. Ndege kama hondohondo huifuata ile rangi, huila kofia, na mbegu huidondosha mbali na mama yake. Hondohondo mjini hapa haonekani, walioko ni kunguru, na kunguru mimi simwachii kazi ya mbegu.

Kuna mitatu inayochanganywa na huu. Msandarusi, uliotoa ile sandarusi wafanyabiashara wa Unguja waliyokuwa wakipeleka ng'ambo kwa kazi ya vanishi: jani lake lina vipande viwili tu, kama kwato. Mkwaju mnaujua, vijani vyake ni vidogo na ni vingi mno. Mrihi ndio mgumu, maana nao huisha kwa jozi na ganda lake ni gumu. Huo usubiri upasuke: mbegu zake ni bapa, za kahawia, kichwa wazi. Hakuna tarbushi.

Kwa jina la kitabuni waitwa *Afzelia quanzensis*. Afzelius alikuwa Mswidi aliyekaa Sierra Leone akikusanya mimea. Hilo la pili linatokana na mto Kwanza, Angola, maana mti huu unaenea kutoka Somalia na kwetu hapa, ukishuka hadi Afrika Kusini, ukavuka hadi Angola. Aliyeupa jina hilo mwaka 1859 aliukuta huko. Mswahili akisoma "kwanza" anadhani ni wa kwanza. Nami simkatalii.

Mbegu hizi tano, na tarbushi zake, zipitisheni kwa wakina mama, mimi niendelee na mbao kidogo. Nitajizuia, kwa sababu nikianza mbao tutakula chakula cha mchana hapa.

Kwa nini wazee walitaka mti huu kwa mlango? Ugumu, ndiyo, na mchwa huuchoka. Lakini miti migumu ni mingi. Mbambakofi sifa yake kubwa ni kutulia. Nyinyi mwaishi Mombasa, mwajua mlango mbaya unavyofanya: kaskazi ukikauka unaacha mwanya paka apite, masika ukivimba mtoto anafungiwa ndani. Mbambakofi ukishakauka haunywi maji wala hauyatoi kirahisi. Ukichonga mfaa, ule mti wa katikati unaokutanisha mbao mbili za mlango, utakaa wima hadi wajukuu. Ni moyo wa mti ninaousema, ule mwekundu wa ndani. Nyama nyeupe ya nje haina uhodari huo, wadudu huila.

Na ana kasoro moja huyu bwana, nitaisema kwa sababu imenigharimu. Katika vinyweleo vya mbao mna unga wa manjano. Mbao ikipata maji, unga ule hutoka. Nilipokuwa mwanafunzi nilitundika kanzu yangu ya Ijumaa, ingali na unyevu, juu ya kipande cha mbambakofi. Nilikwenda msikitini na ramani ya Afrika ya manjano mgongoni. Mjomba wangu aliona tangu nikiwa nyumbani na hakusema neno.

Hilo la manjano baadaye lilinifaa. Kuna mfanyabiashara, jina lake halina haja, aliniuzia mbao za miimo akasema mbambakofi. Nyekundu zilikuwa, nzito zilikuwa. Masika ya kwanza mteja akanipigia simu usiku, hawezi kutoka msalani. Siku hizi nikiuziwa nalowesha kipande, nakifunga kitambaa cheupe, nakiacha usiku kucha. Si kipimo cha maabara, lakini kimenizuia kuibiwa mara mbili.

Sasa mbao hizi zatoka wapi? Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba kama 420, na imegawika sehemu tatu kwa aina ya miti. Mbambakofi unakaa kwenye msitu mchanganyiko, wenzake wa mrihi wana sehemu yao. Katika ile sehemu mchanganyiko, wakataji walipita miaka mingi wakichagua minene, na leo ukipata mti wa kukumbatia kwa mikono miwili ujihesabu una bahati. Mingine imesalia kwenye kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na imesalia kwa sababu moja: wazee walikataza. UNESCO waliziandika kaya hizo kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, lakini mwiko wa wazee ulitangulia kwa karne. Na mwezi wa Novemba 2022, katika mkutano wa nchi za CITES, mkataba wa kusimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kule Panama, mibambakofi na jamaa zake wa Afrika waliwekwa kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji kibali. Sisi maseremala tulisikia habari hiyo kwa bei.

Nimepandisha sauti, samahani. Twende kwenye kupanda.

Mbegu ya mbambakofi haina ukaidi. Iondoe tarbushi kwa kidole au kisu butu, kwa sababu ukiiacha huoza na huita siafu. Ilaze ndani ya maji usiku mmoja. Asubuhi tafuta lile kovu ilipokuwa kofia, hapo ndipo mzizi utakapotokea. Izike kovu likiwa chini, ifunikwe na mchanga kiasi cha unene wa kidole. Mwagia, usifurikishe. Nyingine huchipua wiki ya pili, nyingine hukuweka hadi ya nne. Usichimbe kuangalia! Kuna mtu hapa, nimeshaona anavyocheka, atachimba.

Mbegu si shida. Shida ni mzizi. Mbambakofi huanza na mzizi mmoja mrefu ambao huteremka chini kabla juu hakujawa na la kuonyesha. Mara yangu ya kwanza nilitia mbegu ishirini kwenye viriba vifupi vya sokoni, vile vya miche ya mpapai. Kumi na saba zikaota. Nikafurahi, nikaziacha humo mwaka mzima na zaidi, nangoja zipate kimo nione fahari kuzigawa. Zilipopandwa zilikaa miaka miwili zimeduwaa, kisha zikafa moja baada ya moja katika kaskazi moja kali. Nikang'oa mmoja nitazame. Mzizi ulikuwa umefika chini ya kiriba ukazunguka, ukazunguka, umejikunja kama kamba ya nanga iliyowekwa kwenye dau, na udongoni haukuwa umeshuka hata shubiri. Niliua miti kumi na saba kwa kiriba cha shilingi kadhaa.

Kwa hivyo, afadhali uipande mbegu pale pale utakapotaka mti uwe. Chimba shimo la mkono mzima, rudishia udongo ulioulainisha, tia mbegu mbili, na zikiota zote mbili baada ya miezi michache ng'oa iliyo dhaifu. Kama huna budi kutumia kiriba, kiwe kirefu, na mche usikae humo kupita mvua moja. Jirani yetu mmoja alipata bomba la maji machafu la inchi nne, pale lilipovunjwa jengo, akalikata vipande akavisimamisha, vikafaa kuliko viriba vyote.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Mbambakofi ni wa ukoo wa mikunde, jamaa wa kunde na mbaazi. Wengi wa ukoo huo wana vifundo mizizini, na bakteria humo hutengeneza mbolea kutoka hewani. Mbambakofi hauna vifundo hivyo. Umechagua njia nyingine: unafunga urafiki na kuvu, jamaa wa uyoga, ambao huvika ncha za mizizi yake kama soksi nyembamba. Kuvu huenda mbali udongoni kuleta maji na chumvi, mti humlipa kwa sukari. Na miti gani mingine inaishi hivi? Mwaloni! Mwaloni wa Ulaya na mbambakofi wa pwani havikuonana tangu dunia iumbwe, lakini chini ya ardhi vimeshika desturi moja.

Hii ina maana gani kwenu? Udongo mtupu wa ujenzi ulioletwa na lori hauna kuvu hao. Ukipanda humo mche utasinyaa na utalaumu mbegu. Chukua konzi mbili tatu za udongo wa juu kutoka chini ya mbambakofi mzima, uchanganye na wa shimo lako. Konzi mbili, si gunia. Na kaya usiingie kuchota udongo bila ya ruhusa ya wazee, hata uwe na nia njema kiasi gani. Kuna miti michache kwenye mashamba ya watu Kwale na Kilifi, omba hapo. Mbolea ya dukani weka mbali na mche mchanga. Samadi iliyooza vizuri, kidogo, yatosha.

Mahali. Hapa ndipo nitawakatisha tamaa baadhi yenu. Mti huu wapenda udongo wa kichanga wenye kina. Kisauni mnao, Likoni pia. Lakini kisiwani, pale unapochimba futi moja sururu ikalia kwenye jiwe la matumbawe, usiupeleke, mzizi utakosa njia. Kuna wanaosema mbona pale machimbo ya Bamburi msitu uliota juu ya jiwe tupu? Kweli, na ni kazi ya kuvulia kofia. René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kiwanda cha saruji chenye machimbo hayo, alianza mwaka 1971 kwa kujaribu aina 26 za miti, zikapona 3, na mvinje ndio uliobeba mzigo. Majani yake yalianguka, majongoo wakayatafuna, udongo ukaanza kupatikana, na miti mingine ikafuata. Lakini angeanza na mbambakofi angekuwa anaanza hadi leo. Kila mti na zamu yake.

Maji: miaka miwili ya kwanza, kuanzia Januari hadi masika yaingie, ndoo moja kwa wiki, jioni. Tandaza makumbi ya nazi kuzunguka shina yashike unyevu, yasiguse shina lenyewe. Mbuzi ni adui. Zungushia matawi ya miiba mpaka mti ukupite kifua, na mbuzi wa jirani msimwite wa jirani, aliyekula mche wako ni wako siku hiyo.

Mama mmoja hapa ameinua mkono muda mrefu. Ndiyo, mama. Auliza kama mizizi itavunja ukuta wake. Mama, usiupande chini ya mita nane kutoka kwa nyumba, na usiupande juu ya shimo la choo. Mbambakofi mkubwa hufika mita ishirini na zaidi, na kivuli chake ni kipana. Kama ua wako ni wa kuanikia nguo tu, panda mkomamanga, nitakuja kuula.

Na kijana pale auliza atapata mbao baada ya miaka mingapi. Nitakuambia ukweli ninaouona kwa macho. Mbambakofi wangu mkubwa, huko Likoni kwa dada yangu, una miaka tisa. Nikinyosha mkono na kijiti cha ufagio naigusa ncha yake. Shina lake nalizungushia vidole vya mikono miwili. Haujatoa ua hata moja. Mlango wa kwako hautatoka kwenye mti utakaoupanda wewe. Lakini mwaka wa nne dada yangu aliniita nikaone viwavi wa kijani wenye pembe kichwani, wamekaa juu ya majani kama mabwana. Akataka kupuliza dawa. Nikamzuia. Ni watoto wa vipepeo wakubwa wale warukao kwa kasi, na mbambakofi ni chakula chao. Mti haukudhurika, majani yalirudi. Dada yangu sasa huwahesabu.

Neno moja la malalamiko, kisha nimalize. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya mapumziko nchi nzima tupande. Nilipanda, na wengi wenu mlipanda, picha zilikuwa nzuri. Mahali nilipopanda mimi, ambapo sitapataja, tulitia miche arobaini. Machi iliyofuata nilirudi na ndoo. Mitatu ilikuwa hai, na wa nne ulikuwa mwarobaini uliojipandia wenyewe, umeletwa na ndege, umeshapita goti. Mwarobaini sina ugomvi nao, umetutibu. Lakini ni mgeni kutoka Bara Hindi, unaenea bila kuombwa, umeshaanza kuingia hadi ndani ya misitu ya kaya. Hauhitaji msaada wa mikutano yetu. Nasema hivi kwa walimu hasa: afadhali shule ipande mibambakofi mitatu yenye majina ya watoto wa kuibebea maji, darasa likihama zamu ihame, kuliko mia mbili ya kupigia picha.

Zile mbegu nilizozipitisha naziomba. Zilikuwa tano. Nne... haya, aliye na ya tano abaki nayo, nimeshamwona, na mfuko wake umefura. Kwenye kikapu pale langoni kuna nyingine, nimeziokota mwenyewe na nimeziondoa tarbushi, isipokuwa chache kwa ajili ya watoto kuziona. Mbili kwa kila nyumba. Kando yake kuna gunia dogo la udongo kutoka chini ya mti wa Kwale, mwenye shamba amelitoa kwa ridhaa yake. Chota konzi mbili kwenye karatasi. Loweshea mbegu leo baada ya Isha, kesho asubuhi ziko tayari. Mwenye paka anayechimbachimba achukue tatu.